Pete Kabla ya Dhahabu

Jumamosi ile, saa tisa alasiri, kwenye kituo cha utafiti wa mionzi, Dokta Evanthia Karvelas alimfundisha mgeni wake kupaka gundi, na alimfundisha kwa ule upole wa mtu aliyekwisha kumshinda mwenzake zamani na sasa anajitafutia thawabu.

"Hivyo vibanio viweke pembeni," alisema. "Havipitishi joto vizuri. Tone moja hapa, jingine hapa, halafu unabandika kibao juu yake. Bonyeza. Usikiogope, hakiumi."

Losaline Fifita akabonyeza. Gundi ya kijivu, iliyochanganywa na unga wa madini ya fedha ili ipitishe joto, ikachungulia kidogo ukingoni mwa kibao cha silikoni. Akachukua pamba aifute.

"Iache tu, hiyo haina neno," Evanthia akamwambia.

Losaline alikuwa Mtonga wa visiwani aliyesoma Wollongong, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mrefu, mwenye mabega ya mcheza raga na sauti ndogo ya mtu aliyezoea kuomba radhi. Alikuwa amepewa mashine ya mionzi kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu saa nne asubuhi, na pale kituoni kila mtu alijua kwamba hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho. Asipoiona pete safari hii, chuo chake kingeufunga utafiti wake, na miaka minne ya kutafuta udaktari ingekwenda na maji.

Pete yenyewe haikuwa ya kidole. Ndani ya chemba isiyo na hewa, dhahabu hunyunyiziwa kibao cha silikoni mpaka ikajenga utando mwembamba kuliko kitu chochote ambacho jicho linaweza kukiona. Wakati utando unakua, mionzi ya eksirei hupigwa kwa mshazari mdogo sana, ikauparaza tu uso wa kibao, na namna inavyotawanyika huonyesha fuwele za dhahabu zimelala vipi. Wataalamu wengi waliamini kwamba fuwele hizo hujipanga polepole. Miaka mitatu iliyopita Evanthia aliona duara jembamba la mwanga tangu sekunde za mwanzo kabisa, akaandika kwamba dhahabu huzaliwa ikiwa imetazama kila upande kwa pamoja. Makala yake ikasomwa mpaka Japani. Losaline alitumwa na profesa wake airudie ile kazi na kuiendeleza, na kwa miaka miwili hakuiona pete hata kwa dawa.

Aliwahi kulisema hilo hadharani, kwenye mkutano wa Adelaide. Alisimama na karatasi zake akasema kwa adabu kwamba pete haimtokei. Evanthia akaomba kipaza sauti. "Dada," alisema, "dhahabu haina ugomvi na mtu. Labda tuiulize mikono iliyoosha kibao." Ukumbi mzima ukacheka. Evanthia alikula chakula cha usiku ule kwa raha, watu wakimpita na kumgusa bega.

Sasa chemba ilikuwa imefungwa na mlango wa chumba cha risasi, chenye kuta za madini ya kuzuia mionzi, umekwisha kupigwa komeo. Wawili hao walikaa nje, kwenye chumba cha kompyuta. Losaline akaanza kupiga picha.

"Mapema mno," Evanthia alisema. "Kifuniko kinachoizuia dhahabu bado hujakifungua. Sisi tunaanza kupiga kifuniko kinapofunguka, hatupotezi picha."

"Mie ndo nilivyozoea, Dokta. Kwetu mgeni tunamsubiri mlangoni, hatumkuti ameshakaa." Akageukia kisanduku cha swichi, akaipa skrini mgongo, akaanza kuhesabu kwa sauti. "Ishirini. Kumi na tisa. Kumi na nane..."

Picha ya kwanza ikatokea kwenye skrini ya Evanthia. Pete ilikuwemo.

Alidhani ni picha ya zamani. Akatazama saa iliyoandikwa pembeni. Picha ya pili ikaja, ya tatu, ya nne, na Losaline bado anahesabu, na chembe ya dhahabu haijatua kwenye kibao. Mgeni alikuwa ameshakaa.

Evanthia hakuhitaji kuelezwa. Mwenye macho haambiwi tazama. Mionzi inayoparaza hujitandaza mirefu kuliko kibao, na inapovuka ukingo hukutana na gundi. Ndani ya gundi mna unga wa fedha, na fuwele za fedha na za dhahabu zinakaribiana vipimo kama watoto pacha, hata mashine ile ilishindwa kuzitofautisha. Na ile picha ya kibao kitupu, ambayo mtaalamu huipiga ili aitoe kwenye hesabu yake, yeye, miaka ile mitatu iliyopita, aliipiga siku nyingine, na siku hiyo kibao kilikuwa kimeshikwa na vibanio. Losaline hakuiona pete miaka yote miwili kwa sababu hakutumia gundi. Mikono yake ilikuwa safi.

Evanthia alihisi nywele zinamwasha kwa aibu.

"...Mbili. Moja. Nafungua!" Losaline akabonyeza swichi, akageuka. Aliitazama skrini, kisha akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Dokta! Ndo yenyewe? Niambie kama siyo, usinionee huruma."

"Ndiyo yenyewe," Evanthia alisema. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Losaline akamkumbatia. Alilia na kucheka pamoja, akamshukuru Mungu kwa Kitonga, akamwagia chozi kwenye kola ya shati. Alipokwenda kunawa uso, Evanthia alikuwa na dakika mbili peke yake. Angeweza kuzitumia kumfuata. Alizitumia kuzificha picha ishirini za mwanzo, ili orodha ianzie pale kifuniko kilipofunguka. Hakuzifuta, alizificha tu, na alijua fika kwamba tofauti hiyo ni ya kujifariji.

"Hesabu tunaanzia hapa," alimwambia Losaline aliporudi. "Ndiyo taratibu yetu."

"Sawa, Dokta," Losaline akasema. "Wewe ndo mwalimu."

* * *

Jioni ile, nyumbani kwao Oakleigh, mzee Lefteris, baba yake Evanthia, alikuwa anaipaka nyama ya mwanakondoo limau na vitunguu saumu, simu ameibana kwa bega. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na nne katika karakana ya kupaka kromu bampa za magari, na tangu afiwe na mkewe aliishi kwa binti yake na mkwewe, Murray, dereva wa tramu.

"Ameiona!" alikuwa anapiga kelele kwa simu. "Yule mgeni wa Evanthia, ameiona pete! Waambie wote hapo mgahawani. Mwambie Thanasis, yule aliyeuliza mbona wengine hawaioni." Akatema mate ya hewa mara tatu, ftu, ftu, ftu, kukinga kijicho, ingawa hapakuwa na mtu jikoni ila binti yake mwenyewe.

Habari ilikuwa imemfikiaje? Losaline mwenyewe alimpigia. Losaline hakuwa mtu wa kufanya kazi Jumapili, kwa kuwa kanisa lao halina mchezo na siku ya Bwana, na mzee alipopata kusikia kwamba mgeni atabaki hotelini na mashine ikizunguka bure, alimwalika chakula cha mchana. Losaline alipiga kuuliza alete nini, na furaha ikamtoka.

Kwenye mgahawa wa kahawa alikocheza karata mzee Lefteris palikuwa na kipande cha gazeti la Wagiriki ndani ya fremu, karibu na mashine ya kahawa. *Binti wa Oakleigh aifichua siri ya dhahabu.* Fremu aliinunua yeye, msumari aliupigilia yeye, na kila mgeni aliyeingia mle alisomewa.

Evanthia alimpitia baba yake bila kumtazama. Alimkuta Murray nyuma ya nyumba akianua nguo, bado amevaa fulana ya kazi.

"Pete ni ya gundi," alimwambia.

"Pete gani?"

Akamweleza. Murray alikuwa mtu wa kusikiliza, alikunja taulo tatu kwanza.

"Nani kafa?" aliuliza mwishowe.

"Hakuna aliyekufa."

"Daraja limeanguka? Ndege imedondoka kwa sababu dhahabu imetazama huku badala ya kule?"

"Murray, mwenzio sitanii."

"Na mie sitanii. Kamati inakaa lini, ile ya kukuthibitisha kazini?"

"Baada ya wiki tano."

"Basi subiri wiki tano. Miaka kumi na moja unasaini mikataba ya mwaka mmoja mmoja, leo umefika mlangoni unataka kujikwaa mwenyewe? Mie nikipitiliza kituo kwa kosa, nasimama kituo cha mbele. Sirudishi tramu kinyumenyume mjini."

"Abiria wako anapoteza dakika tano. Huyu kapoteza miaka miwili."

"Na jana ulikuwa unajua? Hukujua. Kosa si dhambi."

"Jana sikujua. Leo nimezificha picha."

Murray akaacha kukunja. Alimtazama mkewe, kisha akatazama nguo. "Hiyo ungeniachia nisiijue," alisema polepole. "Lakini angalau yule dada kafurahi. Atapata udaktari wake. Kila mtu kapata chake."

Jambo baya ni kwamba maneno yale yalimpoza. Evanthia alishika ncha moja ya shuka, Murray akashika nyingine, wakaikunja pamoja, na mpaka shuka inaingia kikapuni alikuwa amekwisha kukubali kunyamaza.

* * *

Kesho yake Losaline alikuja saa saba na nusu mchana, moja kwa moja kutoka kanisani, amevaa gauni jeusi na mkeka mwembamba uliosukwa umefungwa kiunoni, kama walivyo watu wa kwao siku ya ibada. Alibeba keki ya nazi kwenye sinia na kipepeo cha ukili cha kujipepea. Kipepeo alimpa Evanthia kwa mikono miwili.

"Mama kanitumia hiki kutoka kwetu Nuku'alofa," alisema. "Kasema nimpe mtu atakayenifungulia njia."

"Sikustahili," Evanthia alisema, na kwa mara ya kwanza tangu jana akawa amemwambia kweli.

"Anajishusha!" mzee Lefteris akacheka. "Kaa, binti, kaa. Kondoo hamsubiri mtu. Murray, mkwe wangu, mimina mvinyo, au Jumapili hunywi, binti?"

"Maji yanatosha, Mzee."

"Maji! Kanisa gani hilo? Yesu mwenyewe aliyaonea huruma maji, akayageuza."

Losaline akacheka kwa heshima. Kisha akauliza kama anaweza kuombea chakula. Mzee akavua kofia. Losaline akainamisha kichwa, na badala ya kuombea kondoo na viazi, akamwombea Evanthia. Aliomba kwa ile sauti ndogo, bila haraka: Mungu ambariki Dokta kwa kutomchoka mjinga, ambariki kwa kumwonyesha njia, aibariki mikono yake. "Amina," mzee akasema kwa nguvu, akatema mate ya hewa mara tatu.

Evanthia alijipakulia kiazi kimoja. Kilikaa mdomoni kikageuka chaki.

"Sasa hebu nieleze," mzee alisema, akimpakulia mgeni nyama ya begani, ile iliyonona. "Miaka miwili huioni pete. Walikuwa wanakwambiaje huko kwenu?"

"Baba, mwache ale," Evanthia alisema.

"Hapana, Dokta, leo naweza kusimulia, si imeshapita?" Losaline alifuta vidole. "Baada ya ule mkutano wa Adelaide, Profesa Halloran alinirudisha maabara ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Miezi mitatu. Naosha vibao vya glasi pamoja nao, kijana mmoja wa miaka kumi na tisa ananisimamia, anaweka alama ya vyema. 'Losaline, hiki rudia.' Naosha tena. Wakanipa jina, Mama Sabuni." Akacheka kidogo. "Mie nikaanza kuamini. Nikaenda kwa daktari kumuuliza kama mikono yangu inatoa jasho kuliko ya watu."

"Daktari akasemaje?" Murray aliuliza, na papo hapo akaonekana kujutia kuuliza.

"Kasema mikono mizuri tu. Lakini Mama hakuridhika. Aliwaambia akina mama wa kanisa waniombee mikono. Kila Jumatano. Mwaka mzima kanisa zima linaijua mikono yangu." Alivinyanyua viganja vyake mezani, vipana, vimepauka kwa sabuni, akaviangalia kama vya mtu mwingine. "Jana usiku nimempigia. Nikamwambia, Mama, waambie waache, imepona."

Evanthia alikuwa bado ameshika uma. Akauweka chini. Akajaribu kukumbuka hesabu ya wiki tano, akaona haimjii.

"Haikuwa na ugonjwa," alisema.

"Eh?" mzee akageuka.

"Mikono yake. Haikuwahi kuumwa. Losaline, ile pete si ya dhahabu. Ni ya gundi."

Losaline bado alikuwa ameinua viganja. "Gundi ipi?"

"Ile niliyokwambia usiifute. Fedha iliyomo kwenye gundi ndiyo inayong'aa. Kibao kitupu nilikipiga picha kikiwa na vibanio, kwa hiyo sikuwahi kuiona kwenye hesabu. Kadiri joto lilivyopanda, sahani ya mashine iliyobeba kibao ilivimba kidogo, gundi ikasogea kwenye mionzi, nikadhani ni fuwele zinakua. Nimekosea tangu siku ya kwanza. Wewe hukuiona pete kwa sababu haipo."

"Lakini jana ilitokea nilipofungua kifuniko. Niliiona kwa macho yangu."

"Ilitokea kabla. Picha ishirini kabla. Ulipokwenda kunawa uso, nilizificha."

Murray aliinamia sahani yake. Losaline akashusha mikono, akaiweka mapajani, chini ya meza, mahali isipoonekana. Hakulia. Laiti angelia, Evanthia angepata kitu cha kufanya, hata kumletea kitambaa.

"Ulizificha," Losaline alisema. "Mie nakushukuru, unazificha."

"Ndiyo."

"Halafu ukaniacha nikampigia Mama."

Mzee Lefteris alikuwa amekaa wima, kisu mkononi, na uso wake ulikuwa unabadilika polepole, kwa maana katika watu wote wa mezani yeye ndiye aliyeijua kazi ya utando.

"Ukingo hukuusafisha?" alimuuliza binti yake.

"Sikuusafisha, Baba."

"Kule karakana bampa tulikuwa tunazitundika kwenye ndoano. Ndoano nayo inaota kromu, inang'aa kuliko hata bampa. Mtoto wa wiki ya kwanza analijua hilo. Hakuna mtu aliyewahi kuniletea ndoano akaniambia, mzee, tazama gari." Akaweka kisu chini. "Na mie nimepigilia msumari."

Akainuka, akatoka na kofia mkononi. Keki ya nazi ilikuwa bado haijakatwa.

* * *

Losaline naye alisimama. Evanthia alidhani anakwenda zake, akawa tayari kumwita teksi, lakini mgeni alisema, "Mashine ni yangu mpaka kesho saa nne."

"Leo ni Jumapili," Evanthia alisema.

"Najua ni siku gani. Mie sitagusa kitu. Utagusa wewe, mie nitakaa nikutazame. Kutazama si kazi."

Wakaenda kituoni kwa gari la Evanthia, dakika kumi na mbili. Losaline alikaa kwenye kiti cha chumba cha kompyuta na gauni lake jeusi na mkeka wake kiunoni, mgongo umenyooka, kama aliyekuja kusikiliza kesi. Evanthia akafanya kila kitu peke yake. Akachukua kibao kipya, akakiosha, akakibandika kwa gundi, akaacha gundi ichungulie ukingoni. Dhahabu hakuiweka kabisa. Aliitoa ndani ya chemba, akamwonyesha Losaline mahali palipobaki patupu.

"Osha tena," Losaline alisema.

"Nini?"

"Kibao. Umekiosha mara moja. Mie nilikuwa naosha mara tatu."

Evanthia akakibandua, akaosha mara tatu, akakibandika upya. Ilimchukua nusu saa. Alipofunga chumba cha risasi na kurudi, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akapiga picha.

Pete ikatokea. Kibao kitupu, hakuna dhahabu hata ya kutilia mtoto hereni, na pete ikatokea nzuri, nyembamba, timilifu, ileile iliyosomwa mpaka Japani.

Kisha akafanya tena, kwa vibanio. Skrini ikabaki giza.

Losaline alilitazama giza lile kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama pete. "Hii ndo picha yangu," alisema. "Ninazo mia nne kama hii. Profesa aliziita takataka." Kisha akasogeza daftari la mashine, lile ambalo kila aliyetumia mionzi huandika alichofanya na saa aliyoifanya, na ambalo halifutwi. "Andika. Na zile ishirini za jana, rudisha, uandike nani alizificha."

Evanthia akaandika. Aliandika kwa kalamu ya wino, akatia jina lake kamili, na mkono ulipofika kwenye neno *nilizificha* ulisita, maana alijua kwamba daftari lile litasomwa na kila mgeni atakayekuja baada yake. Losaline alisubiri mpaka nukta.

* * *

Mzee Lefteris alikuwa amerudi kabla ya jua kuzama. Fremu ilikuwa mezani, imelala kifudifudi kando ya keki. Evanthia alikuwa amekwisha kuwaandikia wenye jarida waiondoe makala yake, na mkurugenzi wa kituo alikuwa amejibu kwa mstari mmoja: kamati imeahirishwa, tuonane Jumatano. Murray aliusoma mstari ule, akamwekea mkewe chai, hakusema kitu kuhusu tramu.

"Walikuuliza nini kule mgahawani?" Evanthia alimuuliza baba yake.

"Thanasis aliuliza kwa nini naishusha. Nikamwambia tumekosea."

"Nimekosea mimi, Baba. Si wewe."

"Sifa nilizila bila hata kukuomba. Miaka mitatu nazinywea kahawa. Aibu nikuachie peke yako?" Akaisukuma fremu kidogo. "Lakini usinifanye nikufariji, mwanangu. Leo siwezi. Nenda kalale."

Ilikuwa saa moja na robo. Evanthia akaenda kulala kama alivyoambiwa, mwanamke wa miaka thelathini na tisa.

* * *

Jumatatu saa tatu asubuhi maabara ya Wollongong ilikaa mbele ya kamera kwa kikao chake cha kila wiki. Profesa Halloran alikuwa katikati, miwani kichwani, na kumzunguka wanane wengine, mmoja wao kijana mwenye ndevu changa ambaye Evanthia alihisi ndiye mweka alama za vyema. Losaline alikaa kando ya Evanthia, ndani ya kamera, mikono mapajani.

Evanthia alieleza. Alieleza vizuri, maana kueleza ndiyo kazi yake: ukingo, gundi, kibao kitupu, vipimo vya fedha na dhahabu. Akaonyesha pete isiyo na dhahabu. Akasema picha mia nne za Losaline ndizo sahihi na kwamba ndizo zinazostahili kuchapishwa. Kadiri alivyoendelea ndivyo sauti ilivyomrudia. Maneno ya kitaalamu yana kivuli kizuri, mtu anaweza kusimama chini yake asionekane.

"Mambo haya hutokea," Profesa Halloran alisema alipomaliza. "Nadhani wote tumshukuru Dokta Karvelas kwa uaminifu wake. Si kila mtu angejitokeza." Mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata.

Wanampigia makofi. Evanthia aliyasikia, akahisi yanamshuka kama maji ya vuguvugu, na, aibu iliyoje, sehemu fulani ndani yake ikayafurahia.

"Dokta ana neno jingine," Losaline alisema kwa ile sauti yake ndogo.

Makofi yakaisha. Evanthia alimtazama. Losaline hakumtazama, alikuwa anaangalia kamera.

"Ndiyo," Evanthia alisema. "Kule Adelaide, mbele ya watu, nilisema tuiulize mikono iliyoosha kibao. Mlicheka, wengi wenu mlikuwepo. Mikono michafu ilikuwa yangu. Na Jumamosi, baada ya kuujua ukweli, nilimficha picha ishirini ili asigundue, nikamwacha anishukuru."

Kijana mwenye ndevu changa kule Wollongong alikuwa ameikodolea meza macho. Profesa Halloran alizishusha miwani kutoka kichwani, akazivaa, akazivua.

Losaline akajongea kwenye kipaza sauti.

"Samahani, Dokta," alisema. "Nadhani sauti ilikatika kidogo. Ungerudia."

Sauti haikuwa imekatika. Evanthia alilijua hilo, na wale tisa walilijua. Akavuta kiti chake mbele, akakisogelea kipaza sauti, akarudia yote tangu Adelaide, kwa sauti kubwa zaidi.